Mfereji, Ndiva na Kistari Wima cha Unix

Kwenye kibodi nyingi, karibu na kitufe cha Enter, kuna alama ya kistari kilichosimama wima: |. Karani anayeandika barua anaweza kustaafu bila kuibonyeza hata mara moja. Fundi anayetunza kompyuta za mezani zenye Linux, au mfumo wowote wa ukoo wa Unix, hamalizi asubuhi bila hiyo. Akiandika amri, akaweka kistari, kisha akaandika amri ya pili, yote yanayotoka katika amri ya kwanza huingia katika ya pili bila kupitia faili lolote wala mkono wa mtu. Kwa Kiingereza njia hiyo huitwa pipe. Mafundi wetu wengi husema paipu, wachache husema bomba. Mimi nataka tuseme mfereji, na nataka tuazime kutoka Upareni neno la pili la kuandamana nalo, yaani ndiva.

Chukua hitilafu ya kawaida kabisa. Kompyuta ya shule ya sekondari inawaka, inaomba nywila, mwanafunzi anaiandika sawasawa, skrini inapepesa na kumrudisha palepale pa kuomba nywila. Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Mara nyingi diski imejaa, na mfumo umekosa nafasi hata ya kuandika mafaili madogo unayoyahitaji ili kumfungulia mtumiaji dawati lake. Fundi hubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, akaingia kupitia skrini nyeusi ya maandishi, akaandika:

sudo du -ah /var | sort -rh | head -20

Amri ni tatu, vistari viwili. Ya kwanza hupima ukubwa wa kila faili lililomo ndani ya /var. Ya pili huyapanga kuanzia kubwa kwenda dogo. Ya tatu huchukua mistari 20 ya mwanzo na kuiacha mingine. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa kazi ya kumsaka aliyejaza diski, lakini zikipangwa hivi humtaja: ama ni kumbukumbu za mfumo zilizolundikana katika /var/log, ama ni vifurushi vya programu vilivyobaki katika /var/cache/apt baada ya kusakinishwa. Vifurushi huondolewa kwa sudo apt clean, kumbukumbu hupunguzwa kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M, na mwanafunzi anaingia.

Wazo hili ni la zamani kuliko Unix yenyewe. Mwaka 1964 Doug McIlroy, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, aliandika katika waraka wa ofisini kwamba programu ziwe zinaungika kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakikaza mwishoni. Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix mwaka 1969, McIlroy akaendelea kuwashikilia, na mwaka 1973 Thompson alikubali akaiingiza njia hiyo katika mfumo. McIlroy amesimulia kwamba ilikuwa kazi ya usiku mmoja. Jina walilolichagua lilitokana na vitu vilivyokuwa karibu nao. Sisi tunaolitafutia jina la Kiswahili hatudaiwi bustani ya McIlroy. Tunadaiwa jina linaloeleza vizuri kinachotendeka ndani ya mashine.

Kazi za kuitafsiri kompyuta kwa Kiswahili zimekuwepo, tena za maana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi vitufe. Lakini kazi kama hizo hushughulika na yale anayoyaona mtumiaji wa kawaida. Dirisha la amri, mahali fundi anapofanyia kazi yake, limebaki Kiingereza kitupu, na kijana anayejifunza ufundi hukariri maneno yake kama namba za simu.

Sasa bomba lina tatizo gani? Kwanza, lina kazi nyingi mno. Tanzania bara ukimwambia mtu afungue bomba, mkono unakwenda kwenye koki. Bomba ni pampu, bomba ni sirinji ya daktari, bomba ni mtindo mzuri wa nguo. Pili, na hili ndilo zito, bomba la maji limezibwa pande zote. Maji huingia upande mmoja, hutoka mwingine, na katikati hakuna mtu anayeyafanyia kitu. Wakazi wa Same wanaijua picha hiyo vizuri: mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uliozinduliwa mwezi Machi 2025 baada ya kusubiriwa kwa miaka mingi, huvuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu na kuyasukuma kwenye mabomba hadi mijini. Ni neema kubwa. Lakini hivyo sivyo kistari chetu kinavyofanya kazi, maana katika kila kiungo cha safu ile ya amri kuna mtendaji anayepokea, anayeshughulikia na anayepitisha.

Msomaji wa Mombasa au Unguja atanipinga kwa haki: kwao mfereji ndio koki yenyewe, na maji ya mfereji ndiyo yale yatokayo ukutani. Nakubali. Hata hivyo hakuna Mswahili asiyeujua Mfereji wa Suez, wala asiyeelewa mfereji wa kumwagilia mpunga. Maana ya njia iliyochimbwa ili kuongoza maji ipo kote. Ya koki ni ya mahali.

Upareni maana hiyo ya kwanza ina uzito wa karne nyingi. Milima ya Upare Kusini, yenye kilele cha Shengena kinachofika mita 2,462, hupata mvua nyingi juu, huku uwanda wa Same ulio chini yake ukiwa mkavu. Vijito vinavyoshuka ni vidogo. Ukikiachia kijito cha namna hiyo kitiririke mchana kutwa katika mfereji wa udongo, ardhi itayanywa maji kabla hayajafika shamba la mbali. Kwa hiyo Wapare, kabla ya ukoloni, walijenga ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe, lililochimbwa juu ya mashamba, ambalo hukusanya maji usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, na maji yaliyokuwa yakichuruzika huenda kwa kishindo mpaka kwa mwenye zamu. Katika bonde la Makanya, ndiva ya Manoo imekuwa ikigawiwa kwa zamu kati ya watu wa Vudee na wa Bangalala. Ndiva haiongezi hata tone moja. Inachofanya ni kuyakusanya matone mpaka yawe na nguvu ya kusafiri.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo, na kwa sababu ileile. Kila programu inapotaka kutoa maneno, hupaswa kukiomba kiini cha mfumo kiyapokee, na kila ombi lina gharama yake ya muda. Kuomba kwa kila herufi kungekuwa kupoteza njiani. Basi programu nyingi hujikusanyia maneno katika sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa Kiingereza huitwa buffer na vijana wetu huiita bafa, kisha huyaachia kwa mkupuo. Kama zinaandika kwenye skrini, huachia kila mstari unapokamilika. Kama zinaandika mferejini, katika Linux kwa kawaida husubiri zijaze baiti 4,096.

Asiyelijua hili hupoteza siku. Mfano: mlango wa flashi unashukiwa kufa. Fundi anafungua dirisha la amri na kuandika tail -f /var/log/syslog | grep usb | cut -c1-80, akitarajia kuona mfumo ukitangaza flashi inapochomekwa. Anachomeka, kimya. Anachomoa, anachomeka upande mwingine, kimya. Anahitimisha kwamba milango yote imekufa na anaandika oda ya ubao mama mpya. Milango ni mizima. Matangazo yametoka, tail imeyapitisha, grep imeyapokea na kuyachuja, lakini kwa kuwa mbele yake kuna mfereji badala ya skrini, imeyaweka kwenye ndiva yake. Mstari mmoja ukiwa na herufi 100 hivi, inahitajika mistari kama 40 kabla ndiva haijajaa na kufunguka. Dawa ni kuiambia grep ifungue kila mstari: grep --line-buffered usb. Kwa programu isiyo na chaguo lake la namna hiyo, hutangulizwa stdbuf -oL.

Fundi aliyefundishwa neno bafa atalazimika kukariri kwamba bafa huchelewesha. Fundi aliyefundishwa kwamba kila programu ina ndiva yake, akikutana na kimya, swali lake la kwanza litakuwa: maji yamekwama kwenye ndiva ipi? Hilo ndilo swali sahihi.

Ndiva ziko za aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Hiyo niliyoieleza ni ndiva ya programu. Ya pili iko katikati, baina ya amri na amri, na mwenyewe ni kiini cha mfumo. Katika Linux, tangu toleo la 2.6.11 la mwaka 2005, hiyo huchukua baiti 65,536. Ikijaa kwa sababu amri ya chini inasoma polepole, amri ya juu hulazwa usingizi mpaka nafasi ipatikane. Hapa ulinganisho wangu unafika ukingoni, na sitaulazimisha: ndiva ya Manoo ikijaa humwaga, ya kiini haimwagi hata herufi moja. Kuna na sort, ambayo haiwezi kutoa mstari wa kwanza kabla ya kupokea wa mwisho, maana huenda huo wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote. Ndiyo maana ile amri yetu ya diski hukaa kimya muda mrefu katika kompyuta kongwe, kisha mistari 20 ikatokea yote kwa pamoja. Asiyejua hubonyeza Ctrl na C akidhani imeganda.

Watu wa mifereji husema watu wa juu na watu wa chini, na istilahi zetu zinayahitaji maneno hayo. Yanasaidia kueleza ujumbe unaowasumbua wengi, ule unaoandikwa "Broken pipe". Nimeuona ukitafsiriwa "bomba limepasuka". Kwa tafsiri hiyo fundi ataanza kutafuta tundu katikati ya njia, naye hatalipata kwa kuwa halipo. Kilichotokea ni kwamba wa chini ameondoka huku wa juu akiendelea kuleta. Katika amri ya diski, head ikishachukua mistari yake 20 hufunga na kwenda zake, na sort ikijaribu kuandika zaidi hupelekewa ishara namba 13 inayoizima. Hilo si kosa hata kidogo. Ujumbe huohuo ukitokea kwenye mawasiliano ya ssh kwa intaneti ya simu, una maana kwamba mwenzako wa upande wa pili hapatikani tena, na cha kukagua ni mtandao au seva. Napendekeza tuuandike "mpokeaji ameondoka". Hauhitaji ufafanuzi zaidi ya huo.

Je, neno la Kipare linaweza kuvaa joho la istilahi ya taifa? Kiswahili kimefanya hivyo mara nyingi. Ngeli, tunayoifundishia sarufi, ilitoka Kihaya. Kitivo cha vyuo vikuu vyetu hutajwa kuwa kimetoka katika lugha za milima hiihii, Kipare na Kisambaa, kikiwa na maana ya bonde lenye rutuba. Ndiva ina silabi mbili, inaingia katika ngeli ya nyumba na ngoma bila kubadilika, na haigombani na neno lolote lililopo. Kwa kitenzi, kupitisha mferejini kunatosha: pitisha matokeo ya du mferejini hadi sort.

Kuna jambo moja la mifereji ambalo ningependa kila anayetunza data za shule au zahanati alijue, kwa sababu madhara yake hayaonekani mpaka siku ya msiba. Mfumo ukiulizwa kama safu ya amri imefaulu, hujibu kwa kuitazama amri ya mwisho peke yake. Tuseme kila usiku kompyuta hutengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata iitwayo matokeo kwa mysqldump matokeo | gzip > akiba.sql.gz. Siku nywila ya hifadhidata inapobadilishwa bila skripti kurekebishwa, mysqldump hushindwa na haitoi chochote. Lakini gzip, iliyo chini, hupokea utupu, huubana utupu huo vizuri kabisa, na huripoti mafanikio. Faili linazaliwa likiwa na jina sahihi, tarehe sahihi na baiti 20. Hata ukilipima kwa gzip -t litapita, kwa kuwa ni utupu uliobanwa kwa usahihi.

Kinga ni kuandika set -o pipefail juu ya skripti, ili safu nzima ihesabiwe imeshindwa akishindwa yeyote, wa juu au wa chini. Skripti hiyo ianze kwa kuiita bash, maana sh ya Debian na Ubuntu ni programu nyingine, dash, ambayo kwa miaka mingi haikuijua kanuni hiyo. Na asubuhi, kabla ya chai, andika zcat akiba.sql.gz | tail -1. Nakala iliyokamilika huishia na mstari wa mysqldump wenye maneno "Dump completed", na kwa kawaida tarehe na saa. Mstari huo usipoonekana, usiifute nakala ya jana.