Ng'ambo: Mji Uliojengwa Uwanjani

Mji Mkongwe wa Unguja una cheti chake. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo kila mlango wa nakshi na kila roshani ya mbao ina mtu wa kuitetea. Ng'ambo, mitaa inayoanzia Darajani kwenda mashariki, haikupata cheti hicho. Nyumba zake nyingi zilikuwa za fito, udongo na makuti, na hazikujengwa ili zivuke karne. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muziki, ngoma, mavazi na mambo ya harusi ambayo leo wageni huyaita utamaduni wa Zanzibar ililelewa humo, katika viwanja na baraza za Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Kisima Majongoo na mitaa jirani. Anayetaka kuandika historia ya Ng'ambo kwa kufuata kuta hatapata mengi. Afuate watu walipokusanyika.

Zamani mji na Ng'ambo vilitengwa na hori la bahari, na jina la Darajani ni kumbukumbu ya daraja lililoviunganisha. Hori lilifukiwa kidogo kidogo, na leo sehemu yake ni barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi walizoea kuiita Creek Road. Upande wa mji walikaa masultani, matajiri wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa Kizungu. Ng'ambo walikaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, wachuuzi na watumwa wa majumba ya mjini. Amri ya mwaka 1897 ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, wengi walihamia mjini kutoka mashamba. Walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamanyema na Wazaramo, na humo humo walikuwapo Wangazija na watu wa vijiji vya Unguja. Walikutana mtaa mmoja bila ukoo mmoja. Nani angemzika nani? Nani angesimamia harusi ya binti asiye na mjomba wala shangazi kisiwani? Mambo hayo yalitaka kupangwa, na waliyapanga kwa ngoma.

Ninasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu ngoma za Ng'ambo zimehesabiwa mno kuwa pumbao. Chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, kilikuwa na viongozi, vyeo na michango. Wanawake wake walijipanga mstari mmoja, wakavaa sare, wakacheza kwa utulivu huku mikono ikisema zaidi ya miguu. Mwanachama akifiwa, wenzake walifika. Akiozesha, walifika na sufuria zao. Mwanamke aliyeletwa kisiwani akiwa mtoto wa kununuliwa aliweza, ndani ya chama hicho, kupata cheo ambacho nyumba ya bwana wake isingempa kamwe. Na mavazi yalikwenda sambamba na mabadiliko hayo. Kaniki na merikani, nguo za utumwa, ziliachwa. Kanga za rangi zikashika nafasi, na vyama vikashindana kwa sare mpya kila penye shughuli.

Wanaume nao walikuwa na beni. Ngoma hiyo iliigiza bendi za kijeshi, ikaenea pwani yote kuanzia mwisho wa karne ya 19, na ikaleta matarumbeta, gwaride na ushindani mkali baina ya pande. Katika miji mingi ya pwani imebaki vitabuni. Unguja bado ipo hai, ila imebadilika: sasa ni bendi ya harusi inayopita mitaani, na wanaoitikia na kucheza mbele yake ni wanawake. Kundi la Mbwa Kachoka ndilo linalojulikana zaidi. Likianza kupiga, mtaa mzima hutoka nje.

Tarabu ndiyo yenye habari ndefu zaidi. Iliingia kwa mlango wa kasri: Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, na kwa miaka mingi muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wageni wa heshima. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwan Safaa, nacho kilikuwa cha watu wa mjini. Aliyeivusha daraja ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akauza vyungu kwa kutembeza, kisha akahamia mjini na kuweka makazi Ng'ambo. Nyumba yake ilikuwa mahali pa kukusanyika usiku: wanamuziki walifanya mazoezi, majirani wakasikiliza, na habari za siku zikageuka mashairi. Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri ziliuzwa pwani yote. Shaaban Robert alimwandikia wasifu.

Siti aliimba Kiswahili, na aliyaimba yaliyowatokea watu wa mitaa yake. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja akiwa mgeni kutoka Dar es Salaam, na Kijiti, muuaji, akatoroka. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao wala kiti katika mahakama. Walikuwa na baraza ya Siti. Mwaka huo huo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Sioni ajabu. Watu waliokwishazoea kuchangishana, kuchagua viongozi na kusimama pamoja uwanjani hawakuhitaji kufundishwa namna ya kugoma.

Pembeni ya tarabu ya viti na fidla nyingi ilikuwapo kidumbak, ambayo wenyewe wanaipenda kwa sababu haimwachi mtu ameketi. Dumbak mbili ndogo, fidla moja, sanduku lenye uzi wa kutoa sauti nzito, vijiti vya mkwasa na cherewa za vifuu: vyombo hivyo vinabebwa begani na kutandikwa popote penye nafasi, hata uani. Tarabu ilitaka ukumbi. Kidumbak ilitaka jamvi. Wasanii wengi wakubwa wa Unguja walipita humo, na ni kosa la waandishi kuitaja kwa mstari mmoja kama ndugu mdogo wa tarabu.

Serikali ya kikoloni iliona mikusanyiko hiyo ikataka kuielekeza. Katika mpango wa maendeleo wa miaka ya 1940 ilijenga Raha Leo, kituo cha jamii katikati ya Ng'ambo, na baadaye redio ikatangaza kutoka hapo. Tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi walipafanya makao yao, na sauti ya kiongozi wao, John Okello, ikasikika kwa redio hiyo hiyo. Baada ya Mapinduzi zikaja ghorofa za Michenzani, zilizopangwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki: majengo marefu ajabu kando ya barabara pana, yaliyosimama mahali palipokuwa na vibanda na vichochoro. Familia zilipata maji, umeme na vyoo vya ndani, na hilo si jambo dogo. Lakini ghorofa ya nne haina baraza ya mbele. Watu walishuka wakaweka viti chini, kati ya jengo na jengo, na harusi zikatandikwa hapo.

Mwaka hadi mwaka, mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni sikukuu. Mnazi Mmoja, uwanda ulioachwa wazi na wakoloni kati ya mji na Ng'ambo na kutumika kwa gofu na kriketi, siku za Idi hujaa watoto wenye nguo mpya na senti za mkono wa Idi, wachuuzi wa vitu vya kuchezea, urojo na barafu. Huko watoto wa Shangani ya mjini na wa Kwahani ya Ng'ambo husukumana foleni moja.

Mwaka 2019 kilitolewa kitabu cha ramani na masimulizi kuhusu Ng'ambo, Ng'ambo Atlas, ambacho kinawapa wakaazi nafasi ya kutaja mahali wanapopathamini. Ni kazi ya kushukuriwa, na inafaa iwe msingi wa hatua nyingine: viwanja vidogo vya mitaani viandikwe na kulindwa kisheria kama milango ya nakshi inavyolindwa. Ardhi mjini imepanda bei, na uwazi wowote huonekana nafasi ya duka. Kiwanja kikijengwa, harusi inayofuata huhamia ukumbi wa kukodi wenye kadi za mlangoni, na jirani aliyekuwa akitoka tu na kanga yake akajiunga kuitikia hana tena pa kusimama.