Fungu la Wagonjwa wa Akili Lilindwe

Katika miaka ya 1920 mgonjwa wa akili nchini Uganda alipelekwa gerezani. Serikali ya kikoloni iliwaweka wagonjwa hao katika gereza la Hoima, kwani nia yake ilikuwa kuwaondoa barabarani, si kuwaponya. Mwaka 1955 ilifunguliwa Hospitali ya Butabika, jirani na Kampala. Sasa mgonjwa alipata mganga, lakini alitengwa na jamaa zake. Kutoka Jinja ni mwendo wa kilomita 80, na kutoka Mbale ni zaidi ya 200. Maskini hakuweza kumfuata nduguye huko.

Utawala wa Idi Amin ulipoanza mwaka 1971, waganga wengi waliihama nchi na dawa zikaadimika. Ilichukua miaka mingi kuijenga upya huduma iliyobomoka. Sera ya Afya ya mwaka 1999 iliyaingiza maradhi ya akili katika huduma za msingi ambazo kila raia anastahili. Baadaye, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, wodi za maradhi hayo zilijengwa katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa. Leo Jinja na Mbale zina wodi zao, na mgonjwa hutibiwa karibu na kwao.

Lakini mkopo hujenga kuta tu. Mishahara ya wauguzi, vidonge vya kila mwezi na petroli ya kuwafikia wagonjwa vijijini hutegemea Hazina. Tangu mwaka 2001, malipo ya wagonjwa yalipofutwa katika wodi za kawaida za serikali, wodi hizo hazina mfuko mwingine. Katikati ya miaka ya 2000, maradhi ya akili yalipata takriban shilingi moja tu katika kila shilingi mia za afya, na zaidi ya nusu ya fungu hilo ilikwenda Butabika.

Wako wasemao kwamba fedha ni haba, hivyo malaria na uzazi vitangulie. Hoja hiyo husahau kwamba gharama iliyokwepwa hospitalini hulipwa kwingineko. Dawa ikikosekana Mbale, mgonjwa aliyekuwa akilima shamba lake huzidiwa, na anayeitwa usiku ni askari polisi. Mahabusi hugeuka wodi isiyo na mganga, na nchi hurejea Hoima. Askari aliyerudi kutoka vitani na usingizi umempotea, naye huihitaji wodi hiyo hiyo.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, nayo inamtambua mgonjwa kuwa mwenye haki. Haki hiyo haina maana pasipo fedha. Hapana budi fungu la wodi za mikoa liandikwe peke yake katika bajeti, lionekane, na lisihamishiwe matumizi mengine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.