Kalata-kalata, Dawa ya Wamama wa Kasai

Katika masoko ya Lubumbashi mizizi na maganda ya miti huuzwa karibu na mihogo na samaki wakavu. Wengi wetu tulizoea kupita bila kutazama, maana tuliambiwa kwamba hayo yote ni mambo ya mfumu. Lakini mfumu anayetafuta mlozi, na mama anayejua jani la kumsaidia mwenzake kuzaa, si mtu mmoja. Tuitazame historia ya kalata-kalata.

Mwaka 1960, wakati wa machafuko ya uhuru, munganga mmoja wa Norwe, Lorents Gran, alifika Kongo pamoja na Msalaba Mwekundu. Huko Luluabourg (tangu 1966 ni Kananga) aliona wamama wakichemsha mmea mdogo, Oldenlandia affinis, na kunywa maji yake ili uchungu wa kuzaa uende mbio. Na sisi wa Katanga tusiseme ni mambo ya mbali: reli ya B.C.K. ilifika Ilebo mwaka 1928, na jamaa nyingi za Kasai zilikuja nayo mpaka kambi za Union Minière.

Gran hakucheka, wala hakusadiki upesi. Aliutenga mmea, kitu kimoja kimoja, akavijaribu juu ya vipande vya tumbo la uzazi la wanyama. Vipande vikajikunja. Kati ya 1970 na 1973 alitangaza matokeo yake: ndani ya mmea mna protini ndogo, nayo ikaitwa kalata B1.

Hapo ndipo palikuwa na fumbo. Oksitosini, dawa ya hospitali kwa kazi ileile, nayo ni ya jamii hiyo. Lakini ukiimeza, tumbo laivunja, ndiyo sababu hutiwa kwa sindano. Namna gani basi kalata B1 ilichemshwa, ikanywewa, na ingali na nguvu? Jibu lilikawia mpaka 1995. Protini nyingi ni kama uzi wa shanga wenye ncha mbili. Kalata B1 ina shanga 29, lakini haina ncha: ni pete, kama rozari ukiondoa mkia wake wa msalaba. Tena vifungo vitatu vya kiberiti vyaikaza katikati. Moto hauilegezi, na tumbo halioni pa kuanzia.

Tusishangilie mno. Dawa yenye nguvu si lazima iwe salama. Tumbo la mzazi likijikunja kupita kiasi, mtoto hukosa hewa, hata tumbo lenyewe laweza kupasuka. Na chungu cha kijijini hakina kipimo. Katekista anayesema "kunywa tu, wataalamu wamekubali" anakosa sawa na yule anayesema "tupa, ni ushetani".

Hapa kwetu, Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956 kina leo wataalamu wa kazi hiyo. Mwaka 2017 yalitangazwa majaribio ya mimea tisa ambayo watu wa Lubumbashi huitumia juu ya ugonjwa wa sukari. Simbilisi walinyweshwa maji ya mimea hiyo, kisha sukari katika damu yao ikapimwa. Lakini kwanza ilipasa mtu aseme anatumia mmea gani, na katika maparokia yetu wangali wako wanaoogopa kuutaja mbele ya padri.