Miongo Tisa ya Masomo ya Sanaa na Usanifu Vyuoni Afrika Mashariki

Masomo ya sanaa za ufundi katika ngazi ya chuo yalianza Afrika Mashariki mwaka 1937, kwenye baraza ya nyumba moja huko Mulago, Kampala. Mwenye nyumba alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea uchoraji katika Slade School of Fine Art jijini London, kisha akasomea ualimu wa sanaa. Alifika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell. Huko Ukambani alivutiwa na kazi za mikono za wenyeji, na mwaka 1935 familia ikahamia Uganda. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, haikuwa bado na somo la sanaa. Darasa la barazani lilikuwa la hiari, lakini Makerere haikukawia kulipokea, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Trowell alishika msimamo uliozua mjadala kwa miaka mingi. Aliamini kwamba Mwafrika ana jicho lake mwenyewe, na kwamba kumfundisha kwa kunakili picha za Ulaya ni kulipofusha jicho hilo. Badala ya kuwapa wanafunzi vielelezo vya kuiga, aliwasimulia tukio: arusi, siku ya soko, au kisa cha Biblia. Kila mmoja alichora kile alichokiona akilini. Njia hiyo aliipata kwa mwalimu wake wa London, Marion Richardson, aliyeitumia kwa watoto wa shule za Uingereza. Trowell alikusanya pia vyungu, mikeka, ngoma na vyombo vya nyumbani, akasimamia jumba la makumbusho la Uganda, na mwaka 1953 akachapisha pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa jadi wa nchi hiyo. Wakosoaji wake waliuliza swali ambalo hakuweza kulikwepa: kwa nini mgeni ndiye aamue kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika?

Matunda ya shule hiyo ya sanaa ya Makerere yalionekana mapema. Gregory Maloba kutoka magharibi ya Kenya alianza kama mwanafunzi, akawa mwalimu wa uchongaji. Yeye ndiye aliyetengeneza sanamu ya Uhuru iliyoko katikati ya Kampala, ya mama aliyemwinua mtoto juu, mwaka 1962. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akaendelea Slade, kisha akarudi kufundisha. Picha zake za watu wakilima, wakijenga na wakisherehekea zilivuka bahari. Mojawapo, ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Museum of Modern Art jijini New York. Elimo Njau wa Marangu alichora ukutani mwa kanisa la Fort Hall, sasa Murang'a, maisha ya Yesu katika mandhari ya Kenya na kwa sura za watu wa huko, akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1959. Baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kusoma katika shule hiyo, alifundisha shuleni kwa miaka mingi kabla ya kujulikana kwa picha alizozitunga kwa kubandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga.

Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Sanaa nayo ikalazimika kupimwa kwa mitihani, mtaala na vyeti kama masomo mengine. Trowell alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1950, nafasi yake ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd aligeuza mambo. Aliona kwamba kumnyima mwanafunzi wa Kiafrika elimu anayopewa mwenzake wa Ulaya ni kumdunisha. Akaleta uchoraji wa kutazama kitu au mtu aliye mbele ya mchoraji, nadharia ya rangi, uchapaji na historia ya sanaa ya dunia. Wahitimu wa wakati wake, akiwemo Theresa Musoke wa Uganda, walitoka na ujuzi mpana zaidi wa zana na mbinu, na waliachiwa kuamua wenyewe wautumie kwa maudhui gani.

Uhuru ulileta hoja nyingine, nayo ni matumizi. Katikati ya miaka ya 1960 chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kilianzisha masomo ya usanifu, na Maloba akahamia huko. Aliyeyapa masomo hayo fikra za mwanzo ni Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, aliyetaka msanifu wa Kiafrika abuni vitu vya viwandani kwa mahitaji ya watu wake, si kupamba tu bidhaa zilizobuniwa kwingine. Mvusi alifariki katika ajali ya gari mwaka 1967, lakini usanifu ulibaki Nairobi kama taaluma yenye idara yake: michoro ya matangazo na vitabu, nguo, samani, mapambo ya ndani na bidhaa.

Mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliivuruga Makerere. Todd na walimu wengine waliondoka, wasanii wengi wakakimbilia Kenya, na Musoke akafundisha Nairobi. Rangi, turubai na karatasi vikawa adimu. Katika miaka iliyofuata wasanii wa Makerere waligeukia vilivyo karibu, hasa nguo ya gome la mutuba ambayo Waganda wameitengeneza kwa karne nyingi, na nyuzi za mgomba. Ufundi ambao Trowell aliuhifadhi makumbushoni ukarudi mezani kama malighafi ya kazi mpya.

Tanzania ilipata elimu hiyo kwanza kupitia watu waliorudi kutoka Makerere. Ntiro, baada ya kuwa balozi London na kiongozi wa utamaduni serikalini, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Elias Jengo wa Muheza, naye mhitimu wa Makerere, alifundisha walimu Chang'ombe kabla ya kuhamia chuo kikuu. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, leo TaSUBa, ambako sanaa za ufundi husomwa pamoja na ngoma, muziki na maigizo. Hata hivyo, uchoraji wa Tanzania unaofahamika zaidi duniani haukutoka chuoni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta za dukani kwenye vibao vya masonite, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na wanafunzi wake walijifunza kwa kukaa karibu na fundi.

Majina ya shule yenyewe yanaonyesha mwelekeo. Shule ya Makerere, inayobeba jina la Trowell, inaitwa ya sanaa za viwanda na za ufundi, na iko chini ya koleji moja na uhandisi. Wahitimu wengi wa kanda hii huajiriwa katika matangazo, uchapishaji, nguo na ualimu kuliko kuishi kwa kuuza picha.

Tatizo la masomo haya, hata hivyo, liko chini zaidi, katika shule za msingi. Kenya ilifanya sanaa na kazi za mikono kuwa somo la lazima katika shule za msingi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, baadaye ikaiondoa katika mtihani wa taifa, kisha ikairudisha katika mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa shuleni 2017. Mwanafunzi anayeshika penseli ya kuchorea kwa mara ya kwanza akiwa chuo kikuu hutumia mwaka mzima kujifunza yale ambayo angeyajua akiwa na miaka kumi na miwili. Serikali zinazotaka wasanifu wa viwandani hazina budi kuanza na darasa la msingi.