Misali: Wavuvi Walipoikataa Hoteli

Ukitoka Vitongoji, pwani ya mashariki ya Pemba, ukapita Chake Chake mpaka bandari ya Wesha, umeshakikata kisiwa kizima kwa safari fupi ya daladala. Baharini upande wa magharibi kuna Misali, kisiwa cha kadiri ya kilomita moja ya mraba. Historia ya hifadhi ya bahari Pemba haielezeki bila kisiwa hicho, nayo ilianza kwa ugomvi.

Misali hakuna kijiji. Wavuvi hupiga dago: huenda na vyombo vyao, hulala siku kadhaa, kisha hurudi na samaki. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhr alifika hapo akaomba msala, akakosa, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kinatosha kuswalia. Basi mwaka 1993 ulipokuja mpango wa kumkodisha mwekezaji ajenge hoteli, waliosimama kuupinga ni wavuvi, na walichokitetea ni dago lao. Habari za matumbawe zilifuata baadaye.

Hoteli haikujengwa. Mwaka 1998 Misali ilitangazwa eneo la hifadhi, kwa usimamizi wa serikali na jumuiya ya wavuvi, shirika la CARE likisaidia. Gharama ilikuwepo: sehemu ya bahari upande wa magharibi wa kisiwa ilifungwa, havuliwi humo hata changu mmoja. Yaani aliyepigania asifungiwe na mwekezaji alitakiwa ajifungie mwenyewe. Ripoti za miradi hulipita jambo hili mbiombio, ilhali kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Mwaka huohuo joto la El Niño likapausha na kuua matumbawe magharibi yote ya Bahari ya Hindi, Misali ikiwemo. Joto halisomi sheria za hifadhi.

Lakini uvuvi wa baruti na wa nyavu haribifu, huo ni kazi ya mikono ya watu. Mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira, IFEES ya Birmingham, Uingereza, chini ya Fazlun Khalid, iliwakusanya wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa. Ukhalifa wa mwanadamu, mizani, katazo la israfu: yote wameyasikia darsani tangu utotoni. Safari hii yalisomwa pamoja na baruti.

Mwaka 2005 likatangazwa eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, PECCA, likifuata pwani ya magharibi. Vitongoji na pwani ya mashariki zikabaki nje.

Njia nyingine ya hifadhi imetokea kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza, ambako wanakijiji wakisaidiwa na mtandao wa Mwambao hufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza mchanga huweza kukaribia kuongezeka uzito maradufu kwa mwezi. Jike hutaga pangoni, hulinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchokoa kabla, umechukua na kizazi. Kazi ngumu ni ulinzi, hasa maji ya bamvua yakitoka, mwamba ukawa mkavu na pango liko wazi. Anayekamatwa huenda akawa jirani, na kamati ya wavuvi ya shehia ndiyo itakayomtoza faini.