Kiwanda Kikifa, Jengo Bado Lipo



Sisi tuliotoka Kalemie tumekua tukisikia wazee wakiitaja Filtisaf, kile kiwanda cha nguo. Kwao ni stori ya enzi za mshahara. Kwetu ni kuta tu. Sasa tunajiuliza: kiwanda kikishakufa, jengo nalo limekufa?

Twende kidogo Uingereza, kijiji cha Cromford. Mwaka 1771 Richard Arkwright alianza kujenga pale kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kwa mashine zinazoendeshwa na maji. Watu wa kijiji hawakutosha, basi akajenga nyumba ili familia zihamie. Lakini tusidanganyane: wafanyakazi wengi walikuwa watoto, na zamu ilikuwa masaa 12, mchana na usiku. Hiyo nayo ni historia, na rangi mpya ya ukuta haiifuti.

Karne ya 19 maji yakapungua na kazi ya pamba ikaisha. Mwaka 1929 moto ukala ghorofa za juu za kiwanda cha kwanza. Watengenezaji wa rangi nao wakatumia majengo yale, wakaacha sumu ya madini ya risasi. Mtu angesema bomoa tu.

Mwaka 1979 chama kinachoitwa Arkwright Society kikanunua mahali pale. Hawakuanza na mapambo, walianza na kuondoa sumu, na ilichukua miaka mingi. Leo kuna maduka, sehemu ya kula, na jengo moja la ghorofa lina ofisi ndogo ndogo za kukodisha kwa biashara changa. Kodi inasaidia kulitunza jengo. Na ukuta uliopo hauhitaji matofali mapya, kwa hiyo hakuna kuni za kuyachoma. Sisi tunaotafuta kuni mbali tunaelewa maana yake.

Turudi huku kambini. Lile ghala la zamani lenye bati zilizotoboka tumeambiwa litabomolewa. Wakati huohuo mafundi cherehani wetu wanashonea chini ya turubai, na mvua ikija wanakumbatia vyerehani vyao visilowe. Tuliomba tupewe ghala, tukajibiwa tusubiri. Kusema kweli, barua yetu ilikuwa fupi mno. Tuliomba kuta, hatukusema tutazifanyia nini.

Kwa hiyo tunaandika upya. Kwanza, jengo likaguliwe: sakafu, mbao, bati, na kama kuna sumu. Pili, tutaje nani ataingia na kazi gani. Tatu, kila fundi atachangia kiasi gani cha matengenezo, na nani atashika daftari.

Jumamosi tukutane pale ghalani. Mwenye futi aje nayo. Mama zetu wa cherehani waje pia, maana hiyo nafasi ni yao kwanza.