Toka Kibuyu Mupaka Vaze: Usafi wa Ndani ya Chombo Kwetu

Watu wengi wanafikiri kama kusafisha vyombo vya kioo ni maarifa tuliyoletewa na Wazungu pamoja na vyombo vyenyewe. Sisi tunaona mambo kwa njia ingine. Kioo kilitoka mbali, lakini mukono unaokisafisha ulijifunza kazi yake zamani, kwenye kibuyu.

Mbele ya chupa, Wanande (wengine wanasema Wayira) walitia maji na kasiksi ndani ya vibuyu. Kibuyu kina shingo nyembamba: mukono hauingii, jicho halioni. Kibuyu kipya kilijazwa maji siku kadhaa mupaka nyama ya ndani ioze, kisha mbegu zikatolewa. Halafu mama alitia vijiwe vidogo ao mchanga wa mtoni pamoja na maji ya moto, akaziba mudomo wa kibuyu, akatikisa sana, akamwaga, akarudilia mupaka maji yatoke safi. Mwisho alinusa. Kibuyu chenye uchachu wa jana kingeharibu pombe ya leo, na mugeni angejua mara moja mwenye nyumba ni mutu wa namna gani.

Kutumia chumvi kwa kazi hiyo kungekuwa kupoteza mali. Chumvi nzuri ilitoka Katwe, ngambo ya ziwa Edward, ikanunuliwa kwa shida. Majivu ya jiko na mchanga vilikuwa bure.

Kisha chupa zikaja. Kampuni ya madini MGL (Minière des Grands Lacs), iliyoanzishwa 1923, ilifanya kazi upande wa Butembo na Manguredjipa. Wafanyabiashara walifuata wafanyakazi, na chupa zilifuata wafanyabiashara. Chupa tupu haikutupwa: ilitiwa mafuta ya mawese, petrole, ao asali. Mwaka wa 1929 mapadri wa Assomption walifika katika eneo la Beni. Vikarieti ya Beni ilianza 1938, ikawa jimbo 1959, na toka 1967 inaitwa jimbo la Butembo-Beni. Pamoja na makanisa, vaze za kioo za kupamba altare zikajulikana, na wamama waliozisafisha walikuwa wale wale wa kibuyu.

Lakini kioo kilidai mafundisho mapya. Kibuyu kinavumilia maji ya moto. Kioo baridi kikipokea maji yanayochemka kinapasuka. Ni lazima maji yawe vuguvugu. Mchanga mukali unakwaruza kioo, kwa hiyo muchele mukavu ao maganda ya mayai yaliyopondwa yalichukua nafasi yake. Majivu yalibaki, kwa sababu majivu yakikutana na mafuta na maji vuguvugu yanafanya kitu kama sabuni: ndiyo dawa ya chupa ya mawese. Ute wa kijani unaoachwa na mashina ya maua unatoka kwa muchele na kutikisa. Na ule musitari mweupe wa chokaa ya maji, ndimu inaumaliza ikiachwa humo usiku mumoja.

Hapa tuseme jambo kubwa. Wakati wa Ebola ya 2018 mupaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2.200 hasa katika Nord-Kivu na Ituri, klori iliingia katika nyumba nyingi. Ilitusaidia. Lakini usichanganye klori na ndimu wala siki ndani ya chombo kimoja: inatoka hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Tena, chupa iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shamba, hata ukiitikisa na majivu kutwa nzima, haifai tena kwa mafuta wala kwa maji ya mutoto. Wazee hawakutuachia mafundisho juu ya sumu hizo, maana kwao hazikuwako. Ni kazi yetu kuyaongeza.

Toka 2014 mauaji ya Beni yamefukuza jamaa nyingi vijijini, na wengi wamekimbilia mujini mikono mitupu. Kati yao kuna abakekulu, ni kusema mabibi wazee, wanaojua kazi hii kuliko sisi. Vibuyu vyao vilibaki nyuma. Walimu wenzetu, tutume wanafunzi wawaulize, waandike majibu, kisha sisi tuongeze onyo la klori na la chupa za dawa. Somo kama hilo linahitaji daftari moja tu na muda wa kusikiliza.